Ahadi ya kurasa za mwanzo

Msomaji wa Katuba, hapa Lubumbashi, ameniandikia hivi:

«Jambo Mwalimu. Niko na miaka 18, niko mwaka wa mwisho wa sekondari. Ninapenda riwaya za vijana, zile za fantasia na zile za taharuki, na nyingi nazisoma kwa Kifaransa. Nimeanza kuziandikia uhakiki na kuwasomea wenzangu wa kikundi chetu cha Jumamosi. Mara ya kwanza walikasirika kwamba nimewamalizia hadithi. Mara ya pili nilijizuia, wakasema sikusema kitu. Ya tatu mama alinisikia nikisifu kitabu cha msichana mwenye nguvu za ajabu, akaniuliza tangu lini ninasifu uchawi. Vitabu vya namna hii vinahakikiwa vipi?»

Jambo, binti yangu.

Maandishi yako matatu nimeyasoma yote, kila moja mara mbili. Nitaanza na lile la pili, lile wenzako waliloliita tupu. Umeandika: «Kitabu hiki ni kizuri sana. Kina siri nyingi na mwisho wake hamtaufikiria kamwe. Nilikisoma usiku mmoja. Nawashauri wote mkisome.» Sentensi tatu kati ya hizo nne zinaweza kubandikwa kwenye kitabu chochote. Iliyobaki, «Nilikisoma usiku mmoja», ni yako peke yako, na ndani yake umelala uhakiki mzima ambao hukuuandika. Kwa nini hukulala? Ulifika ukurasa gani ukatazama saa ukasema bado kidogo? Umeme ulikuwepo, au ulimalizia kwa tochi ya simu? Mwandishi aliyekunyima usingizi usiku wa shule alifanya kazi fulani, na kazi hiyo ina alama zake. Mhakiki ni yule anayerudi asubuhi kuzitafuta.

Tangu utotoni tumesikia kwamba ahadi ni deni. Mimi nimeyafanya maneno hayo kuwa mizani yangu kwa riwaya za namna hii. Kitabu cha taharuki, au cha fantasia, humkopa msomaji. Katika kurasa 30 za mwanzo kinaomba muda wako na imani yako, nacho kinakuahidi kitu: utajua nani alimuua kaka wa msichana huyu, utaona nguvu hizi zitamfikisha wapi mvulana yule, utaogopa, utalia. Kazi yako ni kusema ahadi ilikuwa gani, na kama deni limelipwa. Limelipwa kwa noti zipi, saa ngapi, mkononi mwa nani, hayo ni ya kitabu, yaache humo. Mara ya kwanza wenzako walikasirika kwa sababu uliwahesabia malipo mbele yao. Mara ya pili hukuwaambia hata ahadi.

Tuchukue taharuki kwanza, maana ndiyo iliyokugombanisha na watu. Alfred Hitchcock, mwongozaji wa filamu, alimweleza mwenzake Mfaransa François Truffaut jambo moja katika mazungumzo yao ya 1962, na sijaona aliyelieleza vizuri zaidi. Watu wamekaa mezani wanaongea, na chini ya meza kuna bomu. Mtazamaji asiyejua habari za bomu atashtuka sekunde 15 litakapolipuka. Aliyekwisha kuonyeshwa bomu, na saa iko ukutani, atateseka dakika 15 nzima kwa maongezi yale yale ya kawaida, akitamani kuwapigia kelele watoke. Kwa hiyo swali lako la kwanza liwe hili: nani anajua nini, na anakijua lini? Mimi msomaji ninajua zaidi ya mhusika, sawasawa naye, au yeye ananificha? Jibu lake unaweza kulisema mbele ya kikundi chote bila kumharibia mtu: «Sura ya tatu inatuonyesha kwamba baba wa kambo anadanganya. Msichana hajui. Basi kila wanapokaa kula pamoja, mimi niliogopa sahani na vijiko.» Hapo umeeleza jinsi kitabu kinavyotisha, na kinakoelekea hujakugusa.

Swali la pili ni la haki. Ronald Knox, padri Mkatoliki wa Uingereza ambaye mwenyewe aliandika riwaya za upelelezi, aliweka mwaka 1929 kanuni kumi za hadithi za aina hiyo. Mojawapo inadai mhalifu awe ametajwa mapema. Nyingine inamkataza mpelelezi kumficha msomaji dokezo aliloligundua. Wapo waandishi waliozivunja kanuni hizo, na wengine wamezivunja kwa ufundi mkubwa, lakini kwa mhakiki bado ni kipimo kizuri. Siri ya mwisho ikikugonga kifuani, rudi nyuma utafute. Dokezo likiwepo, limelala wazi mbele ya macho yako uliyoyaelekeza kwingine, umelipwa. Lisipokuwepo popote, umeibiwa, na una haki ya kulisema.

Nikubunie mfano ili tuutazame kwa karibu. Kijana mmoja anasema usiku wa mauaji alikuwa nyumbani kwao Kamalondo, akitazama mpira kwenye televisheni mpaka saa nne. Tunamwamini, ni mpole, anamsaidia mama yake kubeba mizigo. Lakini kurasa 40 nyuma, usiku ule ule, bibi wa nyumba ya jirani aliwasha mshumaa amtafutie mjukuu wake dawa ya kikohozi, akanung'unika kwamba mtaa mzima hauna umeme tangu jioni. Tuliposoma, sikio letu lilikuwa kwenye kikohozi cha mtoto. Mshumaa ulipita. Mwandishi wa namna hiyo amelivika dokezo nguo ya huruma, na ndiyo maana hatukulishuku. Ningekihakiki kitabu hicho ningeandika: «Ukweli wote umewekwa ndani ya mambo madogo ya nyumbani. Nilipokisoma mara ya pili niliona nilikuwa nimepita juu yake.» Nimeusifu mshumaa bila kuutaja.

Ili uweze kuandika hivyo, kata vipande viwili vya karatasi kabla hujafungua kitabu. Ukifika robo yake, simama, andika unamshuku nani na kwa sababu gani, uandike na ukurasa. Ukifika nusu, fanya hivyo tena kwenye kipande cha pili. Usivifute baadaye hata ukiona ulikosea sana. Ukimaliza kitabu, akili itakudanganya kwamba ulijua tangu mwanzo; vipande hivyo vitakukumbusha ulikuwa umesimama wapi, na ni mkono gani wa mwandishi uliokugeuza shingo. Kikundi chenu mnaweza kufanya hivyo wote kwa kitabu kimoja kisha mkalinganisha. Nimefanya hivyo na wanafunzi mara nyingi, na mjadala hauishi.

Na hii sentensi yako, «mwisho wake hamtaufikiria kamwe», iondoe. Najua hukutaja jina la mtu. Lakini umeshawaambia kuna mtego, na tangu hapo msomaji hasomi, analinda. Kila mhusika mpole anamkagua. Ule mshtuko ambao wewe uliupata bure, yeye hataupata. Kama lazima uuguse mwisho, useme ulikuacha katika hali gani: umeridhika, una hasira, una huzuni. Habari za tukio zisivuke robo ya kwanza ya kitabu. Wala maneno ya jalada la nyuma yasikudanganye. Mara nyingine mchapishaji anasema mengi mno pale nyuma, nawe huna sababu ya kumfuata.

Sasa fantasia, na swali la mama.

Shuleni mmefundishwa «le fantastique», na dukani mnakuta kitabu kimeandikwa «fantasy», mnadhani ni kitu kimoja. Tzvetan Todorov, mtaalamu wa nadharia ya fasihi, katika kitabu chake cha 1970 juu ya fasihi ya namna hiyo, alisema fantastiki ni ule muda wa kusitasita: jambo la ajabu limetokea, na msomaji hajui kama lina maelezo ya kawaida au kama sheria za dunia zimevunjika kweli. Fantasia unayoisoma wewe haisitisiti. Joka ni joka, hakuna anayeuliza. Kwa hiyo na ahadi ni mbili tofauti. Ya kwanza inakuahidi shaka, ya pili inakuahidi sheria. Kiswahili chetu kinazijua njia hizi zamani. Shaaban Robert alichapisha Adili na Nduguze mwaka 1952, na humo ndugu wawili waligeuzwa manyani. Msomaji haombwi athibitishe, anaombwa atazame wivu unamfanya nini mtu. Muhammed Said Abdulla naye, katika Mzimu wa Watu wa Kale ya 1960, anatuita kwa jina la kuogofya, halafu anamwingiza mpelelezi Bwana Msa na akili yake tulivu. Mhakiki anayechanganya ahadi hizi mbili atamlaumu mwandishi kwa deni ambalo hakukopa.

Sheria ya dunia ya kubuni ni jambo zito. J. R. R. Tolkien, mwandishi Mwingereza wa fantasia, katika mhadhara alioutoa mwaka 1939 kwenye chuo kikuu cha St Andrews huko Uskoti, alisema msimulizi huumba dunia ya pili ambayo akili yako inaweza kuingia. Ukiwa ndani, anachosimulia ni kweli kwa sheria za dunia hiyo, na shaka ikizuka tu, umeshatoka nje. Mwandishi wa Marekani Brandon Sanderson aliliweka mwaka 2007 kama kanuni ya kazi: uwezo wa mwandishi kutatua matatizo kwa nguvu za ajabu, na msomaji akaridhika, unategemea msomaji anazielewa nguvu hizo kiasi gani. Kwa maneno ya nyumbani: kama msichana ataokoka ukurasa wa 300 kwa kuongea na maji, ni lazima tuwe tumeona maji yakimjibu ukurasa wa 50. Na hapo fantasia na taharuki zinakutana. Knox alizikataza nguvu zisizo za kawaida katika hadithi ya upelelezi, lakini leo vitabu vingi vya vijana vinachanganya mauaji na mizimu. Mimi sina ugomvi navyo, mradi mzimu ajulikane mapema kama mhalifu wa Knox.

Lakini mimi kabla ya sheria hutafuta bei. Nguvu hii inagharimu nini, na nani anailipa? Katika andiko lako la tatu (kitabu sikitaji jina kwa sababu naingia ndani yake) umesema msichana anaponya wagonjwa, na kila anapoponya anasahau jambo moja la maisha yake. Kisha ukaandika «nguvu zake ni za ajabu kweli» ukaenda zako. Binti yangu, rudi pale. Wewe mwenyewe umenakili mstari wa ukurasa wa 61 ambapo anarudi nyumbani, mama yake anamwita kutoka jikoni, naye anasimama mlangoni hajui sauti hiyo ni ya nani. Hicho ndicho kitabu. Mwandishi ameuliza unaweza kuwapa wengine kiasi gani kabla hujabaki mtupu, na ameuliza kwa mlango na sauti ya jikoni. Andika juu ya mlango huo. Aya moja nzima.

Halafu kuna mambo ambayo wewe mtoto wa Lubumbashi unayaona upesi kuliko mhakiki wa Paris. Mji wetu ulianza 1910 kwa ajili ya shaba. Union Minière, kampuni ya kuchimba madini, ilikuwa imeundwa 1906, na mwaka 1911 shaba ya kwanza iliyeyushwa hapa. Bomba refu la moshi na kile kilima cheusi cha mabaki ya madini yaliyoyeyushwa tunaviona kila siku tunapokwenda sokoni. Sasa unafungua riwaya, unakuta ufalme wenye panga elfu kumi na taji za dhahabu na milango ya shaba, na katika kurasa 400 hakuna mtu hata mmoja mwenye vumbi la shimo kwenye nguo. Nani anachimba? Nani anayeyusha? Watoto wao wanasoma wapi? Uliza maswali hayo kwa sauti katika uhakiki wako. Hayatoki nje ya kitabu. Dunia iliyobuniwa vizuri ina jibu, na dunia iliyobuniwa kwa haraka haina. Wala usifikiri unapaswa kuandika kana kwamba unakaa kwingine ili uonekane unajua. Jicho hilo la Katanga ndilo utakalowapa wasomaji wako.

Jambo la pili ni zito zaidi, nalo linatupeleka kwa mama. Riwaya nyingi za fantasia za vijana zina mtoto aliyezaliwa na kipawa, na kijiji kinamwogopa, kinamfukuza, au kinataka kumwua. Kwa msomaji wa nchi nyingine hiyo ni njia ya kuanzisha safari tu. Hapa kwetu kuna watoto wa kweli wanaolala nje kwa sababu mtu wa nyumbani aliwaita walozi baada ya msiba au ugonjwa. Sheria yetu ya 10 Januari 2009 juu ya ulinzi wa mtoto inakataza kumsingizia mtoto uchawi na inamwadhibu anayefanya hivyo, na bado tunasikia kesi. Kwa hiyo kitabu kikimweka mtoto mbele ya umati unaopiga kelele, soma polepole. Mwandishi amesimama upande gani? Umati una sababu, una njaa, una msiba, au umewekwa pale kama ukuta? Na hasa hili: mtoto anaokolewa kwa sababu ni mtoto, au kwa sababu mwisho wa hadithi imethibitika nguvu zake ni nzuri? Zipo riwaya zinazosema, bila kujua, kwamba mtoto aliyeshtakiwa anastahili huruma endapo tu atakuwa na faida kwa kijiji. Mimi ningelisema hilo katika uhakiki wazi kabisa, hata kama lugha yake ni tamu na joka lake linavutia.

Mama alipokuuliza habari za uchawi, aliuliza swali la mtu anayekupenda na anayejua neno hilo limeharibu nyumba ngapi. Usimjibu kwamba ni hadithi tu, kwa sababu wewe mwenyewe hauamini kwamba hadithi ni kitu kidogo; ungeamini hivyo, ungekuwa unalala usiku. Keti naye jioni moja, msomee ile sura ya mlango na sauti ya jikoni, uitafsiri kwa Kiswahili unapoendelea. Muulize angemfanyia nini mtoto huyo. Atakachosema kiandike, kwa ruhusa yake, ndani ya uhakiki wako. Na akikuambia baada ya kusikia kwamba bado hapendi, andika hilo pia. Msomaji mwenye hofu kama yake atajua umemheshimu.

Kuna mambo ya vitabu vyenyewe, kwa kuwa unasoma kwa Kifaransa. Vingi unavyovisoma vimetafsiriwa kutoka Kiingereza. Jina la mtafsiri liko kurasa za mwanzo kwa herufi ndogo. Litaje, maana sentensi unayoisifu kwa utamu wake aliiandika yeye kwa Kifaransa. Tena, wachapishaji wa Ufaransa wana desturi, hasa kwa fantasia, ya kukata kitabu kimoja kinene cha Kiingereza kuwa viwili au vitatu. Katika andiko la kwanza umelalamika kwamba «hadithi imekatika ghafula kama imeanguka.» Kabla ya kumlaumu mwandishi, tazama jina la asili lililochapishwa mwanzoni. Juzuu mbili zikiwa na jina moja la asili, mkasi ulikuwa wa mchapishaji.

Na kama umenunua kitabu barabarani, kilichokwisha kusomwa, jalada limetoka na hujui ni cha rika gani, tafuta kwa herufi ndogo, mwanzoni au mwishoni, maneno yanayotaja sheria namba 49-956 ya 16 Julai 1949. Ni sheria ya Ufaransa juu ya machapisho ya watoto na vijana, na wachapishaji wa huko huiandika ndani ya vitabu wanavyovilenga rika hilo. Haikuambii kama kitabu ni kizuri, lakini inakuambia kilitengenezwa kwa ajili ya nani, nawe utakipima kwa ahadi hiyo. Waamerika nao, katika tuzo ya Printz ya vitabu vya vijana, ambayo chama cha maktaba zao kinaitoa tangu 2000, huhesabu vijana kuwa miaka 12 hadi 18. Ni umbali mkubwa. Mdogo wako wa miaka 12 akikusikia ukisifu kitabu chenye mauaji yanayoelezwa jeraha kwa jeraha, atakitafuta. Sentensi moja ya tahadhari inatosha.

Nyota za kukipa kitabu alama sizipendi, ukitaka kuziweka, ziweke mwisho. Urefu, maneno 400 yanatosha kwa kusoma kwa sauti, na muhtasari usizidi moja ya tano yake. Nukuu mstari mmoja au miwili pamoja na ukurasa. Kitabu ulichokiacha katikati unaweza kukihakiki, ila sema ulikiachia wapi na kwa nini.

Sasa kazi. Andiko la kwanza liache, wenzako wameshajua mwisho wake. La pili liandike upya ukianza na usiku ule: saa, taa, ukurasa uliokataa kufungwa. La tatu lianze mlangoni, na sauti ya mama ikitoka jikoni. Nitumie yote mawili kabla mtihani wa taifa haujakumeza, na kwenye lile la pili uniambie, kwangu peke yangu, ulimshuku nani ulipofika nusu ya kitabu.